Kabla hujaipiga msasa bunduki ya babu

Mtu akirithi bunduki kuukuu, mkono wake wa kwanza huenda kwenye msasa. Naielewa hamu hiyo. Kutu inachukiza, na chuma kikianza kung'aa mtu huona anamtendea haki marehemu. Lakini thamani ya bunduki ya mitutu miwili ya karne ya 19 imo kwenye unene wa kuta za mitutu na kwenye mihuri iliyogongwa chini yake, na vyote viwili vinalika na msasa. Kutu ya juu inaweza kutolewa siku yoyote kwa mafuta mepesi na subira. Chuma kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi.

Nieleze kwa kutumia hii ya mteja iliyoko mezani kwangu, kwenye karakana yangu ya bunduki. Ni kaliba 12, maana yake risasi 12 za mviringo zenye kipenyo cha mtutu huo zingetimiza ratili moja ya risasi nyeusi. Haina nyundo za nje. Mtambo wake ni ule wa William Anson na John Deeley, waliousajili mwaka 1875 wakiwa kwenye kampuni ya bunduki ya Westley Richards mjini Birmingham, na ambao baadaye ulienea karakana nyingi kwa kuwa una vipande vichache na haufi upesi. Jina lililochorwa ubavuni ni la muuzaji wa mji mdogo wa Uingereza. Lisikutishe wala lisikupe tamaa: wauzaji wengi wa namna hiyo walinunua bunduki zilizokamilika Birmingham wakaweka majina yao. Yapo pia majina ya uongo kabisa. Bunduki nyingi za Ubelgiji ziliuzwa kwa jina la W. Richards ili mnunuzi adhani ni Westley Richards.

Muhuri ndio unaosema kweli. Hakikisha kwanza chemba zote mbili ni tupu, kwa kutazama na kwa kidole, kisha chomoa mbao ya mbele, ifungue bunduki kwenye bawaba yake, toa mitutu na uigeuze. Ukikuta herufi ELG ndani ya duara lililorefushwa, hiyo ni kazi ya Liège, mji wa Ubelgiji, na kama kuna taji juu yake imepita mwaka 1893. Hii ya mezani ina fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, pamoja na herufi BPC, muhuri wa zamani wa Proof House ya Birmingham, taasisi ya kujaribu usalama wa mitutu iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Pembeni yake kuna umbo la almasi lenye 12 na C ndani, lililotumika kuanzia 1887. Herufi NP, alama ya jaribio la baruti isiyo na moshi, hazipo popote. Basi imetengenezwa kati ya 1887 na 1904, na mitutu yake ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Haikuwahi kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye risasi za dukani leo.

Kila mtutu pia umegongwa 13/1. Hiki ni kipimo cha ndani: inchi 0.719, karibu milimita 18.3. Kipimo kinachofuata kwenye jedwali la zamani ni 12, yaani inchi 0.729. Hupimwa inchi 9 kutoka mwisho wa nyuma wa mtutu, na mtutu ukishapanuka ukafikia kipimo kinachofuata, uthibitisho wa usalama uliopata kwenye jaribio umekwisha. Wa kulia umesoma 0.722. Wa kushoto umesoma 0.731.

Kilichotokea kinaonekana ukiuelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Wa kulia una vidonda vidogo vya kutu kama futi moja kutoka mdomoni, vya kawaida kwa umri wake. Wa kushoto ni kioo. Mtu aliusugua kwa mashine hadi vidonda vikaisha, na hakuna aliyepima kabla wala baada. Unene wa ukuta pale palipo pembamba zaidi ni milimita 0.46. Wengi wetu katika kazi hii hatutaki kuona chini ya inchi 0.020, yaani milimita 0.5 hivi. Mnunuzi asiyejua angeuchagua huo wa kushoto kwa uzuri wake, na hilo ndilo linaloniuma.

Halafu kuna bonde, dogo kama kucha, nje ya mtutu huohuo. Bonde hunyanyuliwa kwa kuingiza plagi ya haidroliki ndani na kugongagonga nje taratibu. Kazi si ngumu ukuta ukiwa mnene. Ukuta ukiwa hivi, hasa wa Damascus, naweza kuupasua. Mitutu ya Damascus si bomba moja la feleji: ni vipande vya chuma laini na feleji vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye ufito mfano wa ukili unaposhonwa kuwa kikapu, kisha vikafuliwa kwa moto hadi kila mshono ukashikana. Mshono wowote waweza kuwa na takataka za moto ambazo huzioni. Bonde nimeliacha.

Nikaining'iniza mitutu kwa ndoano na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii ilitoa sauti butu: ubavu wa juu, yaani ukanda wa chuma unaounganisha mitutu miwili, umeachia lehemu karibu na mdomo. Hapo maji huingia na kula chuma upande usioonekana, kwa hiyo ubavu lazima ufunguliwe, usafishwe na kulehemiwa upya kwa risasi na bati. Ndiyo maana pia mitutu miwili ya zamani haipelekwi kwenye madumu ya chumvi moto yanayotia bunduki za kisasa weusi. Chumvi hiyo huila lehemu, na miezi baadaye mitutu inaachana.

Kitako nacho kimepasuka shingoni, mahali ambapo karibu kila bunduki kuukuu hupasukia. Ni mbao ya jozi, nayo imelowa mafuta ya mtambo kwa zaidi ya miaka 100. Gundi haishiki mbao ya mafuta. Naipaka unga wa chaki uliolainishwa kwa kiyeyushi, naacha ukauke, naufuta ukiwa wa kahawia, narudia hadi utoke mweupe. Ndipo ufa hufunguliwa kidogo, ukatiwa gundi ya epoksi na kufungwa kwa kamba. Mikwaruzo iliyozama huinuliwa kwa mvuke wa kitambaa chenye maji na pasi. Mwisho ni mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya tabaka, yakisuguliwa kwa kiganja kwa wiki kadhaa. Vanishi ya kupuliza naikataa hata mteja akiiomba.

Sasa bei. Cha kwanza nilichotazama ni mdomo. Kwenye mitutu ambayo haijakatwa, midomo miwili hugusana au hukaribia. Ukiona pengo lililojazwa lehemu, mtu alifupisha kwa msumeno. Hapa ni mizima, inchi 30. Pamoja na hayo, kukata mitutu na kupachika mipya ya feleji kwenye sehemu ya nyuma ya mitutu ya zamani, kisha kuipeleka ijaribiwe upya, kungegharimu kuliko ambavyo bunduki ya mtambo huu ingeuzwa. Ingekuwa Purdey au Holland & Holland, watengenezaji mashuhuri wa London ambao bado wanatunza daftari zinazoonyesha kila namba ilitengenezwa lini, hesabu ingekuwa tofauti. Na sheria ya majaribio ya mitutu ya 1868, ambayo bado inatumika Uingereza, inakataza kuuza kwa matumizi mtutu uliopoteza uthibitisho.

Nimemwandikia mwenyewe hivi: istaafu, isipigwe tena, na kila atakayeirithi aambiwe kwa maandishi. Nalehemu ubavu, naponya kitako, narudisha nakshi ya Damascus kwa kutu ya polepole na maji ya kuchemka bila kugusa mihuri. Ukikuta ya namna hii kwenye kasha la marehemu, uwe Moshi au Leicester, anza na polisi kuhusu leseni, kisha mtafute fundi mwenye vipimo. Nikiandikiwa, picha ninayoihitaji kwanza ni ya sehemu bapa chini ya mitutu, kwa mwanga wa pembeni, bila kufuta chochote.