Neno lako la mwaka liko pembezoni mwa mswada

Desemba haijaisha na simu imeshajaa watu wa ule mtindo wa kuchagua neno moja la kukuongoza mwaka mzima. "Mwalimu, mwaka ujao neno langu ni Uthubutu." Mwingine: Nidhamu. Mwingine Mafanikio, na picha ya machweo nyuma yake. Wote ni waandishi, wote wana miswada mezani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza neno hilo litafanya nini kwenye ukurasa wa 3.

Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nalisema hapa.

Wanaamini kwamba ukichagua sifa nzuri ukaibandika ukutani, itakuandikisha. Wapi! "Uthubutu" huwezi kuuvunja. Ukiandika, umethubutu, usipoandika, umethubutu kupumzika. Neno lisilovunjika litakukosoa saa ngapi? Shaaban Robert alipenda majina ya sifa, lakini mtazame Karama, mshtakiwa katika riwaya yake ya Kusadikika (1951): jina zuri halikumtoa kizimbani. Ilibidi ajitetee kwa masimulizi ya wajumbe waliotumwa nchi za mbali, mjumbe baada ya mjumbe.

Chukua mswada uliorudishiwa mwaka jana, usome maoni yote ya mhariri kwa mkupuo. Kuna moja litakalojirudia mpaka uone aibu. Hilo ndilo neno lako. Kwa mwandishi mmoja wa riwaya ninayemhariri lilikuwa "Kata", kwa sababu ya sentensi kama hii: "Aliufungua mlango kwa haraka akiwa na hofu kubwa moyoni mwake huku moyo ukimdunda kwa kasi." Mioyo miwili, mtu mmoja! "Aliusukuma mlango" ingetosha. Hofu tungeiona mikononi.

Mwingine nilimwandikia "Sikiliza". Kondakta wake wa daladala ya Gongo la Mboto anaongea kama msoma taarifa ya habari: "Naomba nauli yako, ndugu abiria." Kondakta huyo hayupo, Dar nzima. Kwake neno lina maana moja tu: apande gari, akae karibu na mlango, hedifoni zibaki mkobani. Na yule anayeruka kutoka kichwa cha mhusika mmoja hadi kingine katikati ya aya, achukue swali zima, "Nani anaona?" Mambo ya lazima liwe neno moja mliyatoa wapi?

Kisha kuna hii ya kung'ang'ania tarehe 1 Januari. Mwaka wa pwani ulihesabiwa kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, na Makunduchi, Zanzibar, bado wanaupokea mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kinachonivutia ni hesabu yake ya ndani: siku ziligawanywa kwa miongo ya siku 10, mkulima akajua mwongo wa kupanda, baharia akajua wa kutweka tanga. Nami nawapimia hivyo hivyo. Mwongo ukiisha, toa kurasa zako uhesabu umelivunja neno mara ngapi. Mwaka ni mrefu mno, dosari itakuwa imeshaota mizizi. Wiki nayo ni fupi, maana tunajuana: kuna wiki hujaandika kitu.

Sasa shaka yangu, ambayo kwenye warsha huwa haisemwi. Wanaofaidika na neno ni wale wale ambao wangeirudia rasimu hata bila neno. Huenda dawa ni kule kusoma upya maoni ya mhariri, na neno ni kisingizio tu. Sijapata njia ya kuvitenganisha. Bado nawapa, kwa kuwa wengi hawalifungui kabisa faili la mswada uliorudishwa, na kisingizio angalau kinawafikisha hapo.

Washairi wa arudhi, nyie wa kanuni za vina na mizani, mniwie radhi, "Kata" si lenu. Mshororo wa mizani (silabi) 16, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, ukinyofoa neno ubeti unachechemea. Nyie mmeshakata kupita kiasi, inkisari (kufupisha neno ili mizani itoshe) juu ya inkisari, hadi msomaji hajui nani kamwoa nani. Nimewaandikia "Fafanua" mara nyingi, na jibu huwa lile lile: mizani hairuhusu. Inaruhusu. Vunjeni mshororo mzima muusuke upya, ukwapi na utao, kabla ya kunitumia tena.