AC haipozi? Kagua haya kabla ya kukubali kwamba "gesi imeisha"

Gesi ya AC hailiwi kama petroli ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, na mabomba yakiwa mazima inabaki ile ile miaka na miaka. Ikipungua, inavuja mahali. Ndiyo maana kujaza gesi kila msimu wa joto ni kumwaga pesa, na mara nyingi kosa lenyewe ni vumbi tu.

Anza na rimoti. Alama iwe ya theluji, siyo ya tone la maji wala ya feni, na uweke nyuzi 24. Isipowaka kabisa, badilisha betri, kisha tazama swichi ya ukutani na breka. Breka ikiruka tena baada ya kuirudisha, iache hapo hapo umwite fundi. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 3 hadi 5, kwani kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, hucheleweshwa makusudi ili presha itulie.

Sasa filta. Zima swichi ya ukutani, inua kifuniko cha mbele, chomoa filta na uzielekeze kwenye mwanga. Zikiwa na utando wa kijivu kama blanketi, umeshapata mwanzo. Osha kwa maji ukipitisha kutoka upande wa ndani, ili vumbi litoke lilikoingilia, na uanike kivulini. Jua kali hukunja plastiki. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, fanya hivyo kila wiki 2. Filta ikiziba, hewa haipiti vya kutosha kwenye koili, yaani mabomba ya ndani yanayopoza hewa, nayo huganda barafu. Usiikwangue hata kidogo, utatoboa bomba. Washa feni peke yake saa kadhaa hadi iyeyuke yote. Ikiganda tena na filta ni safi, hapo gesi inashukiwa kwa haki.

AC inadondosha maji chumbani? Fuata bomba la maji hadi nje. Wengi huliingiza kwenye ndoo, ndoo ikijaa mdomo unazama na maji yanakwama. La sivyo, kuna ute wa uchafu umeziba ndani ya bomba.

Boksi la nje lisizibwe na nguo wala majani. Mombasa, Tanga na Dar, chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya boksi hilo, kwa hiyo yasuuze kwa maji ya presha ndogo, umeme ukiwa umezimwa. Feni ikinguruma bila kuzunguka, huenda ni kapasita, kifaa kinachoisaidia feni kuanza kuzunguka. Usifungue: huhifadhi umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Fundi akisema gesi imepungua, mwombe akuonyeshe inapovujia. Tazama nati za shaba kwenye maungio ya mabomba. Alama ya mafuta mafuta yenye vumbi huwa ndiyo penyewe. Azibe kwanza, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, halafu apime gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boksi la nje.