Soksi za kale za Misri hazikufumwa

Wapenzi wa kufuma kwa sindano mbili husambaza sana picha ya soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, zilizotengenezwa kati ya karne ya 3 na ya 5 na sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Sehemu ya vidole imegawanywa mara mbili ili zivaliwe na kandambili. Maelezo yake huwa yaleyale: "Tazama, watu walikuwa wakifuma tangu enzi za Warumi!"

Macho yanadanganya hapo. Soksi hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu na vipande vifupi vya uzi. Kwa kila kitanzi, fundi alivuta uzi wote hadi mwisho, na kipande kilipoisha akaunga kingine. Ni kazi ya subira kwelikweli. Anayefuma kwa sindano mbili hutumia uzi mrefu usiokatwa, na vitanzi hukaa juu ya sindano. Ukiuvuta uzi, sweta zima linafumuka.

Ufumaji huo tunauona baadaye, hukohuko Misri: soksi za pamba, nyeupe na buluu, za karne ya 11 hadi ya 14.

Na kroshia, ile ya vitambaa vya makochi, wengi huidhani ndiyo kongwe kuliko zote. Kumbe ni changa mno: michoro yake ya mwanzo kuchapishwa ilitokea Uholanzi miaka ya 1820. Njaa ilipoikumba Ireland kuanzia 1845, lesi za kroshia zilizipatia familia nyingi riziki.