Kuvua na kuachia: habari za kapu asiyeingia kapuni

Kuvua na kuachia ni kumvua samaki kwa ndoana, kumtoa majini, kumchomoa ndoana, pengine kumpima uzito na kumpiga picha, kisha kumrudisha majini akiwa hai, kwa makusudi. Neno zito hapo ni "makusudi". Samaki aliyechopoka mkononi hakuachiwa, huyo kakimbia. Na changu mdogo kama kiganja anayerudishwa kwa kuwa hatoshi hata sahani ya mtoto, huyo kaachiwa kwa udogo wake. Mvuvi tunayemzungumzia hapa anajua tangu anafunga mlango wa nyumba yake kwamba hata akipata samaki mkubwa kuliko wote duniani, atarudi mikono mitupu, na atarudi amefurahi.

Kwetu Unguja na Pemba jambo hili linagomba na lugha yenyewe. Chombo kikitia nanga, aliyepo pwani haulizi "mmevua?" Anauliza "mmepata?" Kuvua ni kazi, kupata ndiko kunakohesabiwa, na kilichopatikana kina jina lake tangu hakijafika jikoni: kitoweo.

Niliwahi kukaa pwani ya Nungwi na ami yangu, mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba, aliyekwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Jioni ikaingia boti ya wageni wanaovua kwa starehe, imepandisha vibendera vitatu vyenye picha ya sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama upanga, kila kibendera kwa samaki mmoja aliyevuliwa. Ami akavihesabu, akainuka, akajikongoja mpaka majini kwenda kuwaona hao samaki watatu. Akamuuliza kijana wa botini, "Sulisuli wenyewe wako wapi?"

"Tumewarudisha, mzee."

"Wote?"

"Wote."

Ami akavitazama vile vibendera tena. "Basi hizo za msiba."

Kijana alicheka, lakini ami hakufanya mzaha. Na ukitaka kujua kwa nini watu wawili, wote wavuvi, wanaitazama bendera moja wakaona vitu viwili, inakubidi uondoke baharini kabisa, uende kwenye vidimbwi vya Ulaya kwa samaki mmoja anayeitwa kapu.

Jina hilo, kwa Kiingereza carp, naliandika kama linavyotamkika, na najua litaleta mchezo wa maneno. Uvumilie, maana nimeshautia kwenye kichwa cha habari. Kapu ni samaki wa maji baridi, mnene, mwenye magamba makubwa na ndevu fupi nne pembeni mwa mdomo. Hapa visiwani hatuna maziwa wala mito ya kumweka. Asili yake ni mashariki ya Ulaya na Asia, na kwa karne nyingi alifugwa kwa sababu moja tu: aliwe. Ni mgumu kufa, anastahimili maji machafu yenye hewa haba, na zamani alisafirishwa masafa akiwa amefungwa katika majani mabichi naye bado mzima.

Katika Ucheki na Poland mpaka leo kapu ni chakula cha heshima. Tarehe 24 Disemba, mkesha wa Krismasi, Wakatoliki wa huko kwa mila yao hawali nyama, na samaki wa usiku ule ni kapu. Kusini mwa Ucheki, pembeni mwa mji wa Třeboň, kuna bwawa liitwalo Rožmberk lililokamilika mwaka 1590, na bado linafuga kapu. Msimu wa kupukutika majani maji hufunguliwa, samaki wakazolewa kwa nyavu, na karibu na sikukuu huuzwa mitaani katika mapipa, wazima. Familia nyingi zilikuwa na ada ya kumweka kapu wao katika beseni la kuogea siku mbili tatu, watoto wakampa jina, halafu siku ya kuchinjwa ikawa kilio. Magamba yake mtu hutia katika pochi ili pesa zisimkimbie mwaka mzima. Mvuvi aliyelelewa katika nyumba hiyo akikamata kapu wa kilo tano mtoni, haoni mchezo. Anaona kitoweo. Ami angeelewana naye bila mkalimani.

Sasa vuka mlango wa bahari uingie Uingereza. Huko nako kapu aliliwa zamani, kisha samaki wa baharini wakawa rahisi kupatikana na kapu akasahaulika jikoni. Akabaki kuwa wa mchezo. Tarehe 13 Septemba 1952, mtu aitwaye Richard Walker alivua kapu wa ratili 44, yaani kama kilo 20, katika kidimbwi cha Redmire. Hakumla. Alimpeleka akiwa hai kwenye hifadhi ya wanyama ya London, akapewa jina Clarissa, na akaishi pale akitazamwa na watu mpaka mwaka 1971. Tangu hapo mchezo wa kapu ukakua mpaka ukawa biashara: vidimbwi vya kulipia, vidonge vya chambo vinavyopikwa kwa siri ya mapishi, vigodoro vya kumlaza samaki asijichubue, na dawa ya kupaka jeraha la ndoana. Vigodoro, naam. Kuna Waswahili wanaolala vibaya kuliko kapu wa Kiingereza.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Benson, kapu jike wa ziwa moja karibu na Peterborough, aliyekuwa na tundu katika pezi la mgongo kama lililochomwa sigara. Alifika kama kilo 29. Alipokufa mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka ipatayo 25, alikuwa amevuliwa na kuachiwa zaidi ya mara 60, na magazeti yakamwandikia tanzia. Nilipomsimulia ami habari hii, alinyamaza kidogo. "Mara sitini? Huyo si samaki tena, mwanangu. Huyo kaajiriwa."

Na hilo ndilo hasa. Kapu mkubwa wa kidimbwi cha Uingereza ana mwenyewe, alinunuliwa kwa pesa nyingi, na wanaokuja kuvua wanalipia nafasi ya kukutana naye. Ukimla umekula mtaji wa mtu, na kumchukua bila idhini ni wizi kisheria. Hata mtoni, kanuni za England za mwaka 2010 zinamruhusu mtu achukue samaki wadogo 15 tu kwa siku wa aina zilizotajwa, kapu akiwemo, wasiozidi sentimita 20. Wakubwa warudi.

Mwaka 2004 Poland, Ucheki na nchi nyingine za mashariki zikaingia Umoja wa Ulaya, na wafanyakazi wengi wakahamia Uingereza na mishipi yao. Fikiria mtu katoka kiwandani siku ya mapumziko, kakamata kapu, kamtia mfukoni kwa ajili ya Krismasi, na mwenye kidimbwi anamwona kama mtu aliyemchinja farasi wa mashindano. Maneno yakawa makali, na mengine yakavuka samaki yakawa ya kuwachukia wageni tu. Mabango ya Kipolandi yakasimikwa pembeni mwa maji. Chama cha wavuvi wa mshipi, Angling Trust, kikaanzisha mradi wa kuwaendea wahamiaji na kuwaeleza kanuni. Kwa maoni yangu, waliokosea zaidi ni wale waliodhani kurudisha samaki ni ustaarabu ambao kila mtu anazaliwa nao, kumbe ni ada ya kwao tu.

Kwani hapo hapo Ulaya kuna wanaoiona ada hiyo kuwa ukatili. Ujerumani ina sheria ya kulinda wanyama ya mwaka 1972 inayokataza kumuumiza mnyama bila sababu ya maana. Kuvua ili ule ni sababu ya maana. Kuvua ili upige picha, mahakama na maofisa wa huko huliona jambo la kutiliwa shaka. Uswisi imekwenda mbali zaidi: kanuni zake za mwaka 2008 zinakataza kabisa kwenda kuvua kwa nia ya kuachia. Halafu Australia, kapu ni mvamizi aliyechafua mito, na katika majimbo kama Queensland na Victoria ni kosa kumrudisha majini akiwa hai. Samaki yuleyule, ndoana ileile. Ukimwachia huku umefanya adabu, ukimwachia kule unatozwa faini.

Hoja ya Wajerumani haiwi ngeni kwa mtu aliyepita chuo cha Kurani visiwani. Sura ya al-Maida, aya ya 96, inahalalisha mawindo ya baharini na chakula chake kuwa manufaa kwa watu na wasafiri, manufaa yametajwa. Katika hadithi za Mtume imekatazwa kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha, na wanavyuoni wengi wamechukia kuwinda kwa pumbao tu pasipo haja ya kula. Kwa hiyo ami aliposema kwamba wale wageni "wanacheza na riziki", hakuwa akisema njaa peke yake. Alikuwa akitaja adabu: usimtese kiumbe bure.

Upande wa pili nao una hoja yake, nayo si nyepesi. Katika Mkondo wa Pemba, sulisuli na nduaro ni samaki wanaosafiri mbali, na wanaorudishwa mara nyingi hupachikwa kialama cha plastiki chenye namba. Watamu, Kenya, kuna taasisi iitwayo African Billfish Foundation ambayo tangu mwaka 1990 inakusanya habari za samaki hao: alivuliwa wapi, akaonekana tena wapi. Samaki aliyeliwa na kijiji kimoja amekwisha leo. Aliyerudishwa na alama huweza kumpa kazi nahodha wa Nungwi mwakani, na kumpa mtaalamu jibu.

Ila si kila samaki anayerudishwa anarudi, na hapa kapu amewadanganya wengi. Kapu ana njia ndani ya mwili inayounganisha kibofu chake cha hewa na koo. Akipandishwa juu, hewa inatoka kwa mdomo kama mtu anayecheua. Chewa hana njia hiyo. Mtoe chewa pima thelathini kwa mshipi, hewa ya kibofuni inavimba, macho yanatokeza, na mfuko wa chakula unasukumwa mpaka mdomoni. Mwachie juu ya maji, ataelea tumbo juu mpaka ndege au papa amwone. Huko si kuachia, ni kutupa, tena kutupa kitoweo. Kinachosaidia ni kumshusha haraka kwa uzito mpaka kina alichotoka. Sulisuli tatizo lake ni uchovu: akipiganishwa muda mrefu kwa uzi mwembamba huishiwa, ndiyo maana mabaharia wenye ujuzi humshika mdomo pembeni mwa boti inayokwenda polepole, maji yapite katika mashavu yake mpaka apate nguvu. Na hutumia ndoana ya mviringo, ambayo hunasa pembeni mwa taya badala ya kumezwa tumboni.

Ukiniuliza mie kama sisi hatuna utamaduni wa kuachia, nitakwambia tunao, ila tunaachia kabla ya ndoana. Tofauti iko katika kitenzi: wao wanaachia, sisi tunaacha. Pemba, vijiji kama Kisiwa Panza na Fundo vimefunga miamba ya pweza, mara nyingi kwa miezi mitatu, kwa msaada wa Mwambao, jumuiya inayofanya kazi na vijiji vya pwani. Jambo lenyewe lilijaribiwa Madagaska mwaka 2004 na likaenea. Linafaa kwa sababu pweza haishi sana, mwaka na kitu, na hukua haraka mno. Ukimwacha miezi hiyo, wa nusu kilo anakuwa pweza wa kubeba begani. Vijana wa kijiji hulinda mwamba usiku na mchana, na anayeingia humo hutozwa faini na majirani zake mwenyewe, jambo linalouma kuliko la askari. Siku ya kufungua, maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake na wanaume huingia mwambani pamoja kwa fimbo zao. Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, mwamba umefungwa moja kwa moja tangu mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi ndio walioajiriwa kuulinda.

Ami anaheshimu mwamba uliofungwa kama anavyoheshimu mlango wa nyumba ya mtu. Hakuna bendera inayopandishwa kwa pweza ambaye hakuguswa, na ami hajamwona mtu akiitaka.

Jioni ile Nungwi haikuishia kwenye msiba. Boti nyingi za wageni zina desturi yao: sulisuli na nduaro hurudi baharini, jodari na nguru hubaki. Nahodha, aliyemwona ami amesimama majini mpaka magotini akitazama bendera, alimwita kwa shikamoo, akafungua sanduku la barafu. Mlikuwa na jodari wawili ndani. Akakata kipande cha mkiani, akakitia katika mfuko, akampa.

Ami akakipima kwa mkono. "Hawa mbona hawana bendera?"

"Hawa wa kula, mzee."

"Haya," akasema, akageuka kurudi nchi kavu. "Hawa mmepata."