Je, wajua kwa nini samaki mkavu naye anakunjika?

Samaki mkunje angali mbichi. Hii tumelelewa nayo, na ukishavuka 40 hivi ukasema unataka kujifunza kuogelea, au cherehani, au kurudi kusoma, lazima atatokea mtu akutupie hiyo methali na hapo maongezi yanakuwa yameisha. Mimi kwa malezi ya watoto naikubali kabisa, ila kwa watu wazima imeua malengo mengi sana, kwa sababu ubongo wa binadamu haukauki kama samaki.

Angalia madereva teksi wa London, wale wa teksi nyeusi. Kabla ya kupewa leseni inabidi wakariri mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya kilomita kama 10 kutoka Charing Cross, pale katikati ya jiji, yote kichwani, na mtihani wenyewe ni wa mdomo, unakaa mbele ya mtahini anakutajia sehemu mbili, we unamtajia njia nzima na kila kona unayokata mpaka unafika. Watu wanasomea hiyo kitu miaka mitatu, minne, wanazunguka mitaani na pikipiki kwenye baridi, na ni watu wazima wengine wana watoto na kodi ya nyumba inawasubiri.

Mwanasayansi Eleanor Maguire na mwenzake Katherine Woollett wakachukua wanafunzi 79 wa hiyo kazi, wakawapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI mwanzoni kabisa, wakati huo wote wako sawa tu na watu wengine, halafu wakawasubiri miaka hiyo yote. Wakafaulu 39. Walipopigwa picha tena, wale waliofaulu sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yani kile kipande cha ubongo kinachotunza kumbukumbu za mahali na njia, ilikuwa imeongezeka, na kwa waliofeli hakuna kilichoongezeka. Hayo majibu yalitoka 2011. Na kitu ambacho mimi ndo kilinigusa zaidi, waliofaulu walikuwa wanasoma masaa karibu mara mbili ya wenzao kila wiki. Kwaiyo sio kwamba walizaliwa na vichwa vya ramani, ubongo uliona hii kazi inarudi kila siku ukajenga.

Sasa mbona mtoto anaonekana anashika haraka? Kuna vitu kweli utoto unasaidia, kama lafudhi ya lugha. Ila tusisahau mtoto hana kazi nyingine, anajifunza kutwa nzima na akikosea hakuna anayemcheka. Mtu mzima anaanza saa tatu usiku kachoka, akikosea mara mbili anaona aibu, anaacha, halafu anasema umri.

Aibu ni kitu kikubwa jamani. Mzee Kimani Maruge kule Eldoret, Kenya, aliingia darasa la kwanza January 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi, kavaa sare na kaptula na soksi ndefu, na wajukuu zake wawili wanasoma shule hiyohiyo. Alikuwa anataka asome Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 akapanda ndege mpaka New York kuongea Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Yule kama angesikiliza vicheko asingefika hata getini.

Nyumbani kwetu nimeliona hili kwa mama. Anauza vitumbua, hela anahesabu kuliko mimi, ila herufi hakuzijua, shule aliachishwa darasa la pili. Siku moja wakala alimsomea meseji ya hela akamtajia kiasi pungufu, na hilo likamuuma sana. Ana miaka 57, akaniambia nataka nisome mwenyewe. Nikamjibu mama pumzika bwana, na hayo maneno najuta mpaka leo.

Akaanza na mtoto wa jirani aliyeko darasa la nne. Kila usiku akisharoweka mchele wa vitumbua, anafuta mikono na kanga, anafungua daftari, dakika 15 basi. Hakuanza na a e i o u, alianza na neno "umepokea" kwa sababu ndo neno alilokuwa analitaka, anaweka kidole chini ya kila herufi, u, m, e, akifika kati anapotea anarudi mwanzo.

Bila kujua alikuwa anafanya kitu ambacho watafiti wanakisema, ukifunga jambo jipya kwenye jambo unalolifanya kila siku linashika. Pale chuo cha UCL, London, Phillippa Lally na wenzake waliwafatilia watu 96 waliochagua kitu kimoja kidogo cha kufanya baada ya jambo la kila siku, mfano baada ya chai ya asubuhi, na mpaka kikawa kinakuja chenyewe ilichukua kati ya siku 18 na 254 kutegemea mtu, na mtu wa katikati kabisa alichukua siku 66. Ile habari kwamba tabia mpya inazoeleka kwa siku 21 ilitoka kwa daktari Maxwell Maltz mwaka 1960, yeye alikuwa anasema wagonjwa wake wa upasuaji wanachukua angalau kama siku 21 kuzoea sura mpya, watu wakaigeuza kanuni ya kila kitu. Na kuruka siku moja hakukuwaharibia wale watu 96, na mama naye kuna usiku alisinzia juu ya daftari, kesho yake anaendelea.

Usingizi wenyewe nao unafanya kazi, ubongo unapanga ulichosoma ukiwa umelala, ni sababu mojawapo dakika 15 kila siku zinaweza kushinda masaa mawili ya Jumapili.

Kwa mama ilichukua karibu miezi nane. Mwezi uliopita kanitumia meseji yake ya kwanza kaandika mwenyewe, "mwanagu mchele umepanda bei". Herufi moja imeruka. Sijaifuta.