Mmea kujaa kilimani si dalili kwamba uko salama

Kusini mwa Kongo (DRC), kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kupitia Likasi na Fungurume, kuna vilima visivyo na miti katikati ya msitu wa miyombo. Mvua inanyesha vizuri. Kinachofukuza miti ni udongo. Udongo wa kawaida una shaba miligramu 30 hivi kwa kilo moja. Hapa zinaweza kupita 10,000, na kobalti juu yake. Mimea iliyozoea sumu hiyo ipo, na baadhi haioti kwingine popote duniani: orodha ya wanabotania ya mwaka 2010 ilitaja 32 ya namna hiyo, na 24 mingine inayopatikana hasa kwenye shaba.

Watu huuliza: mmea umetapakaa kilima kizima, utasemaje uko hatarini? Ni kwa sababu Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka ya shirika la kimataifa la uhifadhi, haihesabu mashina tu. Eneo hupimwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, basi mmea wa kilima kimoja mara nyingi hupewa kilomita 4 za mraba, wakati daraja la juu kabisa la hatari linaanzia chini ya 10. Udogo wa eneo peke yake hautoshi. Lazima yatimie na mambo mengine, kwa kawaida makazi kuzidi kupungua na mmea kuwa na mahali pamoja tu. Mahali hapo hutambuliwa kwa tishio. Vilima viwili vitakavyomezwa na karieri (shimo la kuchimbia madini) moja ni mahali pamoja, hata vikiwa na mashina elfu kumi.

Mimea hii haifanani, lakini. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, huvamia udongo uliovurugwa, hata wanaakiolojia wameufuata kutafuta matanuru ya kale ya shaba. Ukiuona umestawi kando ya karieri, usidhani mimea mingine ya shaba nayo imepona.

Kama kilima lazima kichimbwe, mbegu zitangulie. Zichumwe zikiwa zimekauka kwenye shina, kabla moto wa kiangazi haujapita, kutoka mashina 50 au zaidi, na isichukuliwe zaidi ya sehemu moja ya tano ya zilizoiva. Mfuko uwe wa karatasi: plastiki hufungia unyevu, mbegu zikaota ukungu. Andika jina la kilima na tarehe, wala usichanganye mbegu za vilima viwili, kwa kuwa uvumilivu wao wa shaba unaweza kutofautiana.

Udongo wa juu nao uhamishwe kwa mabonge, mizizi ikiwa ndani, mwanzoni mwa mvua. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, na inauma, maana aliyeharibu alikuwa na nia njema: anaweka chokaa na samadi ili mimea ishike haraka. Chokaa hufunga shaba isifyonzwe na mizizi, nyasi za kawaida zinapata nafasi, na ndani ya misimu michache zinaisonga ile mimea iliyohamishwa.