Wacheni kuangusha mbwa chali, hiyo story ya alfa ni ya uongo

Jana tena. Nimeingia kwa geti ya mteja huko Rongai nikapata mzee amelaza shepadi wake wa miezi saba chali, amemkandamiza kifua, mbwa amejikojolea na anaangalia kando, na mzee ananiambia ati anamwonyesha nani alfa, yaani mkubwa wa kundi, ju hivyo ndio mbwa mwitu (wolf) hufanya. Nimefunza mbwa hii Nairobi miaka kumi na moja na hakuna kitu hunichosha kama hiyo.

Skizeni. Hiyo maneno ilianza na mtafiti wa wanyama, Rudolf Schenkel, aliandika 1947 baada ya kuchunguza mbwa mwitu wa zuu ya Basel, Uswisi, wanyama wamefungiwa pamoja bila pa kutorokea, si lazima wang'atane? Fungia watu hawajuani kwa bedsita moja Pipeline mwaka mzima uone. David Mech, mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, naye akaibeba kwa kitabu chake cha 1970 ikaenea kila mahali. Lakini huyo huyo Mech akaenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, kuanzia 1986 akawa anarudi kila kiangazi kukaa na kundi moja mpaka wakamzoea, na 1999 akaandika wazi kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hao mnaita alfa ni wazazi! Kijana akikomaa hapigani na babake ndio apate kiti, anatoka kwenda kutafuta mwenzake. Na kulala chali, mdogo hujilaza mwenyewe, hakuna anayemwangusha. Ukimlazimisha mbwa wako anadhani unamuua, usishangae akikurarua mkono.

Ati mbwa mwitu hulilia mwezi, hiyo pia hapana, wanaitana tu ama wanaonya kundi jirani. Kwa theluji nzito wanakanyaga nyayo za aliye mbele kuokoa nguvu, mfuataji anaweza dhani amepita mmoja mpaka mahali wametawanyika. Na wale wa madoa wa Laikipia tunaita mbwa mwitu ni spishi ingine kabisa, ila bweha wa dhahabu wa Mara, DNA ya 2015 ilionyesha ako karibu na mbwa mwitu (wolf) kuliko alivyo karibu na yule bweha wa Asia anafanana naye.

Huyo mzee nimemwachia omena kavu kwa karatasi. Chuchumaa, ita jina, akikuja mpe moja, basi. Mara ya kwanza shepadi alikuja akitambaa. Ya tatu mkia ulikuwa juu.